UZI: Kubana mkupuo ili simu, kamera na data zipate kikomo cha kweli cha ucheleweshaji (hesabu na amri za tc, zana ya Linux ya kupanga foleni, ndani)

#1 MwanaFoleni

Wakuu, habari za jukwaani.

Uzi huu ni wa wanaosimamia laini zinazobeba simu za IP, kamera na data kwa pamoja, huku wakitakiwa kuahidi kikomo: pakiti ya simu isichelewe zaidi ya milisekunde kadhaa, iwe asubuhi au saa za msongamano. Sizungumzii wastani. Simu inakwaruza kwa sababu ya pakiti iliyochelewa kuliko zote, kwa kuwa kifaa cha upande wa pili hakiisubiri. Kinaitupa.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ubishi mwingi. Mtiririko wowote tunaueleza kwa ndoo ya tokeni (pakiti hutoka kwa kulipa tokeni, nazo hujazwa tena kwa kasi maalumu) yenye namba mbili: mkupuo b, yaani kiasi kinachoweza kutoka kwa mpigo mmoja, na kasi r. Maana yake, ndani ya dirisha lolote la muda t, mtiririko hautoi zaidi ya b + r·t. Ruta nayo tunaieleza kwa namba mbili: husubirisha kwa muda T, kisha huhudumia kwa kasi R. Ikiwa r haizidi R, ucheleweshaji wa juu kabisa ni:

T + b/R

Rene Cruz aliiweka wazi hesabu ya aina hii mwaka 1991, na mengi yaliyofuata yamejengwa juu yake. Itazameni vizuri. Kasi ya wastani, r, haimo kwenye jibu. Kilichomo ni mkupuo. Laini inaweza kuwa nusu tupu kutwa nzima na bado kikomo chako kikawa kibaya.

Mfano. Laini ya Mbit/s 10 kati ya makao makuu na tawi, foleni moja, wa kwanza kufika wa kwanza kutoka.

Simu 10 za G.711 (kodeki ya sauti), pakiti moja kila ms 20. Sauti ni baiti 160, vichwa vya IP, UDP na RTP 40, Etheneti 18, na nafasi inayoliwa kwenye waya kabla na baada ya kila fremu, baiti 20. Jumla baiti 238, yaani biti 1,904. Mara 50 kwa sekunde ni kbit/s 95.2 kwa simu moja. Simu zote 10 zikitoa pakiti kwa wakati mmoja, mkupuo ni kilobiti 19 na kasi ni Mbit/s 0.95.

Kamera 2, kila moja fremu 25 za picha kwa sekunde: fremu moja kamili ya KB 60 kila sekunde, na fremu ndogo 24 za KB 7.5. Ukiongeza vichwa vya pakiti na kuzidisha kidogo kwa usalama, kila kamera ina b = kilobiti 520 na r = Mbit/s 2.1.

Jumla ya kasi ni Mbit/s 5.15 tu. Lakini fremu kamili za kamera zote mbili zikigongana na simu, mbele ya pakiti ya mwisho kuna kilobiti 1,059. Gawanya kwa Mbit/s 10: ms 106. Laini iko nusu, na simu inasubiri zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kwenye ruta moja. Pendekezo la ITU-T G.114 ni ms 150 njia moja kwa safari nzima, mdomo hadi sikio. Umeshakula theluthi mbili mlangoni.

Sasa weka shepa (kinachoshikilia pakiti na kuziachia kwa kasi maalumu) kwa kila kamera: ndoo ya pakiti moja (kilobiti 12.3), kasi Mbit/s 3.5. Fremu kamili haitoki tena kwa mkupuo, inamiminika. Ndani ya shepa inasubiri (520 − 12)/3.5, yaani ms 145. Kwenye laini sasa mkupuo wa wote ni 12.3 + 12.3 + 19, kama kilobiti 44. Kikomo cha foleni: ms 4.4, kwa kila anayepita, na hatujagusa kipaumbele.

Kamera inalipa jumla ya ms 150, na kwa mlinzi anayetazama skrini hilo si tatizo. Simu imetoka ms 106 hadi 4.4. Laini ni ileile.

Karibuni tuchambue.

#2 PakitiNdogo

Asante mkuu, hesabu imeeleweka. Swali: kwa nini nisiipe simu kipaumbele cha juu tu nimalize? Hiyo ms 145 ya kamera naona ni foleni ileile imehamishwa kutoka ruta kwenda kwenye shepa.

#3 Dada Swichi

Ndugu PakitiNdogo, kwa ruta moja na aina moja tu ya trafiki nyeti, kipaumbele kinatosha kabisa. Hesabu yake: pakiti ya simu inasubiri pakiti moja kubwa ambayo tayari iko kwenye waya (baiti 1,538, kwa Mbit/s 10 ni ms 1.23), kisha simu wenzake, ms 1.9. Jumla ms 3.1. Ni nzuri kuliko hata hiyo 4.4.

Shida inaanza kwa aliye chini ya simu. Mashine za malipo, ishara za PLC (vidhibiti vya mitambo) za pampu, skrini za wahudumu: hao wote wanabaki nyuma ya mikupuo ya kamera, na kwao kikomo kimebaki kilekile cha ms 100 na ushei. Ukiwapandisha nao daraja la juu, umeanza kujaza daraja la juu. Ngazi za kipaumbele ni chache na wenye haraka ni wengi.

La pili, umesema foleni imehamishwa. Ndiyo, na hilo ndilo lengo. Foleni iliyoko kwenye shepa ya kamera inamchelewesha kamera peke yake. Foleni iliyoko kwenye mlango wa pamoja inamchelewesha kila mtu. Mwenye mkupuo ndiye anayeusubiri mkupuo wake.

La tatu, daraja la juu lenyewe lazima liwe na ndoo. Simu moja ya programu iliyosanidiwa vibaya, au kompyuta inayopaka DSCP 46 (alama ya kipaumbele cha juu) kwenye kila pakiti, inaweza kuua madaraja yote ya chini. Kipaumbele bila kikomo cha kasi ni mlango wazi.

#4 Kebo Nyeusi

Naongeza mtego mmoja kwenye hesabu ya mwenye uzi, maana watu wataona ms 145 na kutaka kuipunguza kwa kupandisha kasi ya shepa.

Weka shepa Mbit/s 5 kwa kila kamera. Kusubiri kwenye shepa kunashuka hadi ms 102. Safi. Lakini 5 + 5 + 0.95 = 10.95, na laini ni 10. Wakati fremu kamili mbili zinamiminika pamoja, foleni inakua kwa Mbit/s 0.95 kwa muda wa ms 175 hivi (508 gawanya kwa 5 − 2.1). Inafika kilobiti 210, yaani ms 21 badala ya 4.4.

Jumla ya kasi za juu za shepa zote isizidi kasi ya laini kama unataka kikomo kidogo. Ikizidi, bado kikomo kipo mradi jumla ya wastani haizidi, ila lazima ukipige upya, hakipatikani kwa kubahatisha. Chora mistari ya kila mtiririko, ijumlishe, kisha tafuta pale ambapo umbali kati ya jumla na mstari wa laini ni mkubwa kuliko pote. Mistari ikiwa imenyooka vipande vipande, inatosha kupima kwenye kona.

#5 Mzee wa Ruta

Vijana, mnajitesa. Siku hizi Mbit/s 100 haina bei ya kutisha mijini. Nunua kasi, tatizo limekwisha.

#6 MwanaFoleni

Mzee shikamoo. Kwa mfano wa juu uko sahihi: kwa Mbit/s 100 ile ms 106 inakuwa 10.6 bila kugusa kitu. Mahali ambapo kasi ni nafuu, inunuliwe kwanza, mimi sipingi.

Ila mkupuo haubaki palepale ukiongeza kasi. Seva ya chelezo yenye mlango wa Gbit/s 1 ikimwaga TCP, inajaza bafa (kumbukumbu ya pakiti zinazosubiri) yoyote iliyo mbele ya sehemu nyembamba, iwe 10 au 100. Bafa ya MB 1 kwenye laini ya Mbit/s 100 ni ms 84 zikijaa. TCP ya kawaida haipunguzi mwendo mpaka pakiti idondoke, maana yake bafa lazima ijae kwanza. Kwa hiyo kasi mpya inasaidia kamera na haisaidii kitu dhidi ya chelezo. Mwenye b isiyo na mpaka hana kikomo, R iwe kubwa kiasi gani.

Na kuna mahali ambapo huna chaguo: redio za kiungo cha mbali, VSAT (setilaiti), laini ya mgodini. Huko Mbit/s 10 ndiyo iliyopo.

#7 Binti Faiba

Mmekaa kwenye ruta moja. Utamu wa somo hili uko kwenye ruta tano mfululizo, na hapo ndipo ufanisi wa kubana mkupuo unapoonekana. Naomba nichukue nafasi.

Chukua simu moja (b = biti 1,904, r = kbit/s 95.2) inayopita ruta 5, zote laini za Mbit/s 10. Tunataka foleni zote kwa pamoja zisizidi ms 20.

Njia ya kwanza, foleni ya haki yenye uzito, WFQ. Parekh na Gallager mwaka 1993 na 1994 walithibitisha kikomo chake. Ukiipa simu kasi ya uhakika g kwenye kila ruta:

b/g + 4·L/g + 5·(pakiti kubwa/C)

Hapa L ni pakiti ya simu na C ni kasi ya laini. Sehemu ya mwisho ni 5 × 1.23 = ms 6.15. Zilizobaki ni ms 13.85 kwa biti 9,520, hivyo g = kbit/s 687. Simu inatumia kbit/s 95 lakini unaitengea mara saba ya hiyo, kwa sababu kwenye WFQ ucheleweshaji na kasi vimefungwa pamoja: ukitaka haraka, tenga kasi. Ukitenga 95.2 tu, kikomo ni ms 106.

Kwa g ya 687, zinaingia simu 14. Jumla iliyotengwa ni Mbit/s 9.6, na kwenye daftari la dhamana laini imekwisha. Trafiki ya kawaida bado inaweza kuutumia upenyo wakati simu ziko kimya, lakini huwezi kumwahidi mwingine yeyote kikomo.

Njia ya pili: shepa kwenye kila ruta, kisha foleni inayotoa kwanza pakiti yenye ukomo (muda wa mwisho wa kutoka) wa karibu zaidi, EDF. Gawa ms 20 kwa tano, kila ruta ms 4. Sharti la kukubali simu n kwenye ruta moja: mikupuo yao yote pamoja na pakiti moja kubwa ya mtu mwingine iliyokwisha anza kutoka, visizidi kile ambacho laini inatoa kwa ms 4.

n × 1,904 + 12,304 ≤ 40,000

n = 14. Idadi ileile ya simu! Lakini kasi iliyoliwa ni 14 × 95.2 = Mbit/s 1.33. Mbit/s 8.67 bado ziko huru kwa wengine wanaotaka dhamana. Zile kamera mbili za Mbit/s 3.5 zinaingia na ukomo wa ms 20 kwa kila ruta, na sharti bado linatimia: kwenye ms 20 mahitaji yote ni kama kilobiti 85 huku laini ikitoa 200. Kwa njia ya WFQ kamera hata moja haiingii.

Haya ndiyo waliyoyaonyesha Georgiadis, Guérin, Peris na Sivarajan mwaka 1996: kwamba shepa kwenye kila kituo pamoja na EDF inakubali mitiririko yote ambayo WFQ ingeikubali, na zaidi. Kabla yao, mwaka 1993, Zhang na Ferrari walikuwa wameshatoa muundo wa shepa kwenye kila kituo na ngazi za kipaumbele nyuma yake.

#8 PakitiNdogo

Dada Binti Faiba, hapo nimekwama. Ukishikilia pakiti kwenye shepa ya kila ruta, ruta tano, si unajumlisha ucheleweshaji mara tano?

#9 Binti Faiba

Swali zuri, na ndilo linalowafanya watu wengi waogope shepa za njiani.

Shepa ya ruta ya pili ina ndoo ileile ambayo mtiririko ulikuwa nayo ulipotoka shepa ya ruta ya kwanza. Pakiti iliyokaa ms 4 zote kwenye foleni ya ruta ya kwanza inafika ikiwa imechelewa kadiri ya kikomo. Shepa inaikuta haina cha kuisubirisha, inapita hapo hapo. Pakiti iliyobahatika kupita ruta ya kwanza kwa ms 0.5 ndiyo inayoshikiliwa, na haishikiliwi zaidi ya ile ms 3.5 iliyoiokoa. Foleni na shepa inayofuata kwa pamoja hazizidi ms 4. Kikomo hakikui. Kinachopanda ni wastani, na anayehitaji dhamana hauziwi wastani.

Sasa toa shepa za njiani uone. Ruta inayochelewesha kati ya 0 na ms 4 inaufanya mtiririko utoke na mkupuo mkubwa kuliko ulivyoingia: b + r × 4 ms. Baada ya ruta nne ni 1,904 + 95.2 × 16, yaani biti 3,427. Rudi kwenye sharti la ruta ya tano: 40,000 − 12,304 = 27,696, gawanya kwa 3,427, unapata simu 8. Shepa za njiani zimekupa simu 14 badala ya 8. Na mtandao ukiwa na mizunguko, ambapo mtiririko A unamwathiri B na B anamwathiri A kwenye ruta nyingine, bila shepa unaweza ukashindwa kupata kikomo chochote cha kuandika.

Tahadhari mbili. Kikomo kubaki palepale ni kwa shepa yenye ndoo isiyopungua ile ya mwanzo. Ukiibana zaidi njiani unaongeza ucheleweshaji wa kweli. Na kwenye bajeti ongeza mwendo wa mwanga: kila kilomita 200 za faiba ni karibu ms 1, na hakuna shepa inayoirudisha.

#10 Mzee wa Ruta

Marahaba MwanaFoleni. Binti, maelezo mazuri, nimekubali. Lakini ruta gani ya dukani ina EDF na shepa ya kila mtiririko? Ruta ya katikati inapitisha maelfu ya mitiririko, hakuna atakayeweka foleni kwa kila mmoja.

#11 Dada Swichi

Mzee, viwandani wameshapata njia. IEEE 802.1Qcr ya mwaka 2020 inaleta shepa isiyohitaji saa ya pamoja, ambapo mitiririko mingi inakaa foleni moja na kila mmoja ana ndoo yake kwenye kumbukumbu. Swichi inaangalia pakiti ya mbele tu: ikiwa ndoo ya mwenye pakiti hiyo haina tokeni, foleni nzima inasubiri. Inaonekana ni dhuluma kwa walio nyuma, lakini imethibitishwa kihesabu kuwa nayo haiongezi kikomo, mradi wote walioko kwenye foleni hiyo wametoka kwenye foleni moja ya kituo kilichotangulia. Kinachobaki kwa kila mtiririko ni namba chache, sio foleni.

Ndege za Airbus A380 zinatumia wazo hilihili kwa sura rahisi zaidi, AFDX (mtandao wa Etheneti wa ndani ya ndege). Kila kiungo pepe kina pengo la chini kati ya fremu, ms 1 hadi 128 kwa hatua za mara mbili, na ukubwa wa juu wa fremu. Shepa iko kwenye kifaa kinachotuma, na swichi inatupa kinachozidi. Kwa pengo la ms 2 na fremu ya baiti 200, kiungo hakizidi kbit/s 800 hata programu ikichanganyikiwa. Vikomo vya mtandao huo hupigwa kwa hesabu hii ya akina Cruz, kwenye karatasi, kabla ndege haijaruka.

#12 MwanaFoleni

Na kwa sisi wa Linux, HFSC (kipanga foleni) ya Stoica, Zhang na Ng ya mwaka 1997 iko ndani ya kerneli. Upande wake wa rt (dhamana ya muda) ni jambo lilelile la Binti Faiba: kila daraja lina muda wa kustahili (hiyo ni shepa) na ukomo (hiyo ni EDF). Tofauti na HTB, kipanga foleni kingine cha Linux, inakuruhusu kutenganisha ucheleweshaji na kasi.

Kwa laini ya mfano, mlango eth0:

```
ethtool -K eth0 tso off gso off gro off
tc qdisc add dev eth0 root handle 1: stab overhead 24 linklayer ethernet hfsc default 30
tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:1 hfsc ls m2 9500kbit ul m2 9500kbit
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:10 hfsc rt umax 2380b dmax 4ms rate 1000kbit ls m2 1000kbit
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:21 hfsc rt m1 2000kbit d 4ms m2 3500kbit ls m2 3500kbit ul m2 3500kbit
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:22 hfsc rt m1 2000kbit d 4ms m2 3500kbit ls m2 3500kbit ul m2 3500kbit
tc class add dev eth0 parent 1:1 classid 1:30 hfsc ls m2 1500kbit
tc qdisc add dev eth0 parent 1:10 handle 10: pfifo limit 20
tc qdisc add dev eth0 parent 1:21 handle 21: pfifo limit 60
tc qdisc add dev eth0 parent 1:22 handle 22: pfifo limit 60
tc qdisc add dev eth0 parent 1:30 handle 30: fq_codel
tc filter add dev eth0 parent 1: protocol ip prio 1 u32 match ip tos 0xb8 0xfc flowid 1:10
tc filter add dev eth0 parent 1: protocol ip prio 2 u32 match ip src 192.168.20.11/32 flowid 1:21
tc filter add dev eth0 parent 1: protocol ip prio 2 u32 match ip src 192.168.20.12/32 flowid 1:22
```

Simu: baiti 2,380 (pakiti 10 za 238) ndani ya ms 4, kisha Mbit/s 1. Mwinuko wa mwanzo ni Mbit/s 4.76. Jumla ya rt kwa ms 4 za kwanza: 4.76 + 2 + 2 = 8.76. Baadaye: 1 + 3.5 + 3.5 = 8. Zote chini ya 9.5, ndiyo maana dhamana inasimama. Kikomo cha simu ni ms 4 na nyongeza ya pakiti moja kubwa, ms 1.3. Andika ms 5.3 kwenye mkataba, usiandike 4.

Kwa nini 9.5 na sio 10? Foleni lazima iwe kwako. Mlango wako ni Gbit/s 1 na mtoa huduma anabana 10 kwake. Ukimtumia zaidi, foleni inajengwa kwenye kifaa chake usichokidhibiti, au anakata kabisa na kutupa.

#13 Kebo Nyeusi

Amri ziko sawa. Naeleza yale yanayoharibika, maana kila mstari hapo juu una sababu.

Mstari wa ethtool usirukwe. Bila huo, kerneli inapitisha pakiti kubwa za hadi KB 64 zikiwa bado hazijakatwa. Kwa Mbit/s 10 hiyo ni ms 52 ambazo EDF haiwezi kuzikatiza. Kikomo cha "pakiti moja kubwa" kinageuka kuwa ms 52 badala ya 1.3, na hesabu yote imekufa bila onyo lolote kwenye logi.

overhead 24: Linux inahesabu fremu pamoja na baiti 14 za kichwa cha Etheneti, lakini sio 4 za mwisho wala 20 za kwenye waya. Kwa pakiti ya baiti 1,514 kosa ni dogo. Kwa pakiti ya simu ya 214 ni asilimia 11.

Usiweke fq_codel (foleni inayotupa pakiti zinazosubiri sana) kwenye daraja la kamera. Lengo lake ni ms 5, na sisi tumeamua kwa makusudi kamera isubiri hadi ms 145 kwenye shepa. Kusubiri kukiendelea kwa zaidi ya ms 100, codel inaanza kutupa pakiti za fremu kamili na picha inajaa vigae. pfifo ya kawaida, na urefu wake utoshe mkupuo mzima: KB 65 ni kama pakiti 44, kwa hiyo 60. Weka 20 na shepa yako inakuwa mkataji: inatupa pakiti badala ya kuzisubirisha.

rt (dhamana) haitii ul (kasi ya juu ya daraja). Ukiweka rt kubwa kuliko ul, rt inashinda. Jumla ya rt zikizidi 9.5, shepa ya juu imevunjika.

Ukisahau default, HFSC inatupa kila pakiti isiyo na kichujio, ARP ikiwemo, na mlango unaonekana umekufa. HTB hufanya kinyume: inaziachia bila kubana.

Vipimo vya tc: kbit na mbit ni biti. kbps na mbps kwake ni *baiti* kwa sekunde. Mtu anaandika 10mbps, anapata Mbit/s 80, kisha analalamika shepa haifanyi kazi.

Na kwa anayetaka shepa ya kamera peke yake karibu na chanzo, tbf (shepa rahisi ya ndoo ya tokeni) inatosha: `tc qdisc add dev eth1 root tbf rate 3500kbit burst 1540 limit 70000`. Burst isiwe chini ya fremu kubwa kuliko zote, la sivyo fremu hiyo haitapata tokeni za kutosha milele na itatupwa.

#14 PakitiNdogo

Nimeelewa wakuu. Mawili ya mwisho: upande wa kupakua je? Na laini ikiwa ni ya 4G au Wi-Fi?

#15 Dada Swichi

Kupakua: shepa iwekwe kabla ya sehemu nyembamba, yaani upande wa makao makuu, kwa amri zilezile. Kuweka ifb (mlango bandia wa Linux) kwako na kubana kinachoingia kunaituliza TCP, kwa hiyo wastani unapendeza, lakini pakiti zimeshakaa kwenye foleni ya mtoa huduma kabla hujaziona. Hapo hakuna dhamana ya kuandika.

4G na Wi-Fi: kwenye T + b/R, T na R zote zinabadilika na hali ya hewa ya redio na majirani. Bana hadi chini ya kasi ya chini unayoipata, ongeza bafa ya kupokea upande wa simu, na usiahidi kikomo. Redio ya kiungo cha moja kwa moja yenye masafa ya leseni ni habari nyingine: chukua kasi ya modulesheni ya chini kabisa ambayo redio itashuka mvua ikinyesha, hiyo ndiyo R ya kwenye hesabu.

#16 Binti Faiba

Naongeza la upimaji. Ping ya kawaida ya mchana haithibitishi kikomo, kwa sababu haipati siku ambayo mikupuo inagongana. Igonganishe mwenyewe: zalisha mikupuo miwili ya KB 65 kwa wakati mmoja kutoka anwani za kamera, jaza daraja la 30 kwa TCP, kisha tuma UDP ya ukubwa wa pakiti ya simu kila ms 20 ukiwa umeipaka DSCP 46. Soma thamani ya juu kabisa, achana na wastani. Kwa njia moja unahitaji saa za pande zote mbili zilingane, na PTP inafaa kuliko NTP, maana kosa la NTP kupitia laini yenyewe linaweza kuwa kubwa kuliko hizo ms 5.3 unazozipima. Kisha `tc -s class show dev eth0`: daraja la 10 likionyesha pakiti zilizotupwa hata moja, rudi kwenye umax, simu ni zaidi ya kumi au mtu amepaka DSCP isiyo yake.

#17 MwanaFoleni

Mzee wa Ruta, swali lako la PM (ujumbe wa faragha) nalijibu hapa liwafae wote: uliuliza simu za G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, kwenye laini ileile. Pakiti ni baiti 20 za sauti, na vichwa vilevile inakuwa 98 kwenye waya, biti 784, kbit/s 39.2. Kwa sharti la EDF la ms 4: 27,696 gawanya kwa 784 ni simu 35 badala ya 14. Kwenye amri badilisha umax iwe 98 mara idadi ya simu. Kwa simu 20 ni `umax 1960b dmax 4ms rate 800kbit`, mwinuko Mbit/s 3.92, na kamera zinabaki kama zilivyo.